Siku Tuliyoshindwa Kumzika Thembo

Mimi ndiye niliyewapigia waombolezaji wimbo wa kampeni jeneza likiwa linashuka kaburini. Naanza na hilo kwa sababu mtalisikia tu. Pale Bwera bado kuna watu wakiniona nikipita na ndoo ya maji wananiimbia kiitikio.

Jana yake nilikuwa nimefunga spika sokoni kwenye mkutano wa mgombea mmoja. Asubuhi nikapakia vyombo kwenye pikipiki, nikapanda navyo mlimani kwenye mazishi, wala sikujiuliza kuna kaseti gani ndani ya mashine. Mwalimu wa kanisa akaniambia, "Fundi, tupe wimbo wa taratibu wakati wanamshusha." Nikabonyeza. Zikatoka ngoma, filimbi, na sauti ya mwanamke ikiwaahidi wazima na wafu barabara ya lami. Na ubaya zaidi, marehemu alikuwa wa chama kingine. Nusu ya watu wakanikodolea macho. Nusu nyingine, Mungu awasamehe, miguu yao ilianza kucheza kabla vichwa havijakumbuka wako wapi.

Aliyeniokoa ni mjane. "Muacheni," akasema. "Mzee alipenda mabishano. Sasa amepata ya kwenda nayo."

Basi ninyi vijana mnaotundika spika siku hizi, mnaopiga nyimbo kutoka kwenye simu bila hata waya, sheria ya kwanza ni hiyo: kabla hujafika kwa mfiwa, jua kuna nini kwenye mashine yako. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa mnaonijia hapa ni mchanganyiko: wa Kasese mjini, wa Mpondwe, na wale waliovuka na wazazi wao kutoka Beni. Mazungumzo mengi humu yalikuwa kwa Lhukonzo, lugha yetu ya mlimani. Nimeyavusha mwenyewe, na kama yamelowa njiani mnisamehe.

Mimi si mtu wa safari. Katunguru nimefika mara moja, nikaona daraja, nikaona viboko, nikauliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Spika zangu zimelala nje ya nyumba kuliko mimi. Sasa nimestaafu, maana yake nimekaa palepale nilipokuwa nakaa, ila silipwi. Ile spika ya zamani, ya bati, yenye mdomo mpana kama tarumbeta, kuku anatagia humo. Mke wangu anasema tangu niinunue haijawahi kutoa kitu cha maana kama sasa.

Kazi alinifundisha Papa Kambale, Mkatoliki wa Butembo aliyehamia Mpondwe na amplifaya moja na watoto wengi. Wakati ule tulitumia batri ya lori. Niliibeba mgongoni, na asidi yake ilikula suruali zangu zote, hata ile ya harusi. Papa Kambale alinifundisha kuelekeza mdomo wa spika chini kidogo, kwenye migomba, kwa kuwa majani ya migomba yanakunywa mwangwi. Ukiuelekeza mlima wa mbele, sauti inakwenda huko na kurudi imechelewa, na mhubiri anadhani kuna mtu anamwigiza. Alinifundisha kuvisha maiki soksi upepo wa Rwenzori ukishuka mchana. Iwe soksi safi, maana askofu ataisogeza mdomoni. Na maiki ikipiga mluzi, usimtazame msemaji kana kwamba kosa ni lake. Ni wewe uliyemweka mbele ya spika.

Siku moja, tukiwa tumefunga vyombo kwenye mkutano wa injili, nikamuuliza kama haoni vibaya, yeye Mkatoliki, kuwapazia sauti walokole wanaosema Wakatoliki wataungua moto. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao Butembo.

"Mutoto, spika haikubatizwaka. Inasema tu ile batu beko naisemea. Lakini weye ulibatizwa. Basi sikia mbele ya kupandisha volime."

Basi nikawa nasikiliza kwanza, kabla ya kupandisha sauti. Kazi hii inakupeleka kwa wote, Waadventista Jumamosi, Waanglikana Jumapili asubuhi, Wakatoliki mchana, walokole jioni mpaka jenereta inakohoa. Nilimsikia mchungaji mmoja akisema Mkristo hawezi kuimba wimbo wa ufalme wetu wa kimila kanisani, kwani Mfalme ni mmoja. Wiki ileile padri akasema aliyetupa milima hii ndiye aliyetupa na nyimbo zake. Wengine waliniambia nifunge maiki mgombea akiikaribia madhabahu. Wengine waliniambia mgombea naye alibatizwa hapahapa, na kama haruhusiwi yeye, aruhusiwe nani? Pombe ya ndizi kwenye mahari, ngoma za mapacha, mambo ya tohara, yote nimeyapazia sauti kwa pande zote mbili, kwa bei ileile.

Nilipokuwa kijana nilidhani katika kila ubishi kuna Mkristo mmoja na mnafiki mmoja, na kazi yangu ni kumtambua mnafiki halafu kumpunguzia sauti kidogo. Msinishangae, nilikuwa nafanya hivyo kweli. Niliacha baada ya mambo ya Thembo, na hayo ndiyo niliyotaka kuwaeleza tangu mwanzo, ila nimezunguka kwa sababu sipendi kufika.

Mama Thembo alikuwa jirani yetu, mjane, Mwanglikana wa kukaa benchi la mbele. Alikuwa na wana wawili. Mumbere, wa kwanza, alikuwa akipakia lori za saruji Hima, na siku za ibada alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la walokole hukohuko. Thembo, wa pili, alichota mchanga katika mto Nyamwamba, Kasese. Wanaoujua mto ule hawasemi ulifurika. Wanasema ulikuja. Basi ulikuja, na mawe yake yanagongana kama magari. Wenzake walikimbilia upande mmoja, yeye akakimbilia wa pili.

Mumbere aliufuata mto ule kando kando mpaka unakopotelea kwenye vinamasi vya mbuga, mpaka askari wa wanyama wakamrudisha kwa sababu ya tembo. Alirudi na koleo. Mama yake alilishika, akaligeuza mpini, akasema, "Hili si lake."

Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, jembe halishikwi. Kijiji kizima kinatulia. Mkishazika, mnarudi shambani. Sasa Thembo hakuzikwa. Sisi majirani tulikaa siku chache za adabu, halafu njaa ikatukumbusha maharagwe. Mama Thembo hakurudi shambani. Shamba lake likawa nyasi, nyasi zikawa kichaka, na yeye anakaa mlangoni anakitazama.

Masika, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kuvaa viatu, alimpelekea mihogo kila mara na kumgombeza papo hapo.

"Unataka kufa njaa, mto upate wawili?"

"Nitalima nikishamzika," Mama Thembo akajibu. "Nipe kitu nizike."

Aliyempa kitu cha kuzika ni shemeji yake, Mzee Kule, Mkatoliki ambaye rozari yake imelainika kwa kushikwa. Alisema wazee walijua la kufanya. Mtu asipopatikana, hukatwa mgomba, shina lake huvishwa nguo yake, likazikwa mahali pake. Matanga yanakwisha, watu wanashika jembe. Mama Thembo akatoa shati la mwanawe, lile la buluu la Krismasi. Kisha akaja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu cha kuchomea waya.

"Fundi, nataka uweke spika mbili. Moja itazame ng'ambo, Congo."

"Huko kuna nini, mama?"

"Kuna watu wetu. Kila siku ya soko wananiuliza, 'Mutoto alionekana?' Nataka jina la Thembo liombewe kwa sauti, lifike huko, wajue amezikwa. Wasiniulize tena."

Siku hiyo nilipandisha nguzo ndefu kuliko zote. Shimo lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, karibu na baba yake Thembo. Shina la mgomba lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, limevaa shati, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Mwalimu Masereka wa kanisa letu alifika na kitabu chake cha sala. Alikuwa ameambiwa ni maombi ya mfiwa. Alipoona mkeka, alisimama. Na kabla hajapata neno, Mumbere akafika kutoka Hima, ameambiwa na mtu.

Maiki nilikuwa sijaiwasha, lakini watu wa mlimani hawahitaji maiki wakigombana.

"Mdogo wangu si mgomba," Mumbere akasema.

"Nani amesema ni mgomba?" Mzee Kule akajibu. "Ukitundika picha ya baba yako ukutani, unaabudu ukuta?"

"Picha haizikwi, baba mdogo."

"Na rozari yangu je? Nayo mbao tu?"

"Sijataja rozari."

"Umeitazama!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kwenye matanga kinachojiona haya. Mwalimu Masereka akainua mikono. "Ndugu zangu, tusivutane. Kanisa linaweza kufanya ibada ya kumkumbuka, mle ndani, Jumapili. Kaburi ni jambo lingine." Akaonyesha mkeka bila kuukaribia. "Nikimwombea huyu leo, kesho mtaniletea mgomba wa mtu aliyekimbilia Kampala kukwepa mahari."

Kufikia hapo nilikuwa tayari na mnafiki wangu. Nilikuwa nimeshaamua ni Mumbere, kwa sababu ya koti lake la suti na Biblia yenye zipu. Akaja kusimama karibu na nguzo yangu, akaishika kama mtu anayetaka kuanguka.

"Fundi, mnadhani ni Biblia tu," akasema chini chini. "Ni Biblia, ndiyo. Nina watu waliochoma hirizi zao mbele yangu. Nitawaambia nini wakisikia nimezika mgomba? Lakini pia, ile kazi ya mchanga ni mimi niliyemtafutia. Bado naota amesombwa akatupwa mahali, yuko kwa watu, amesahau jina. Nikimzika, nimeacha kumtafuta."

Nilianza kukaza waya ambao haukuwa umelegea.

Mzee Kule naye sikumpata unafiki. Nilimsikia akimwambia Mwalimu, "Mimi sijui roho iko wapi, hayo padri anajua. Najua mwanamke huyu halali." Na Mwalimu, kalamu mfukoni, jasho kwenye paji la uso, alikuwa tu anaogopa kuvunja kitu alichokabidhiwa kukitunza. Watu watatu waliompenda mwanamke mmoja, kila mmoja akishika ukweli kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akimsukuma mwenzake.

Wakabishana hivyo mpaka mawingu yakashuka. Mwalimu akasema jambo lipelekwe kamati ya kanisa. Watu wakaanza kutafuta miavuli. Mzee Kule akasema kaburi haliachwi wazi, ni kuita kifo kingine, na kwa hilo Mumbere hakubisha, akachukua koleo mwenyewe. Wakalijaza shimo udongo mtupu, wakalisawazisha.

Mama Thembo alikuwa amesimama muda wote huo, mikono nyuma. Akauliza, "Sasa mmemzika nani?"

Mwalimu akafunga kwa sala, ile ya kufunga kikao. Mimi nikashusha nguzo.

Shina la mgomba liliegemezwa kwenye ukuta wa jiko, na shati lake. Mbuzi walilila lote. Mama Thembo akalifua shati, akalianika, akalikunja.

Kamati ilikaa, na haikumaliza. Ikakaa tena. Halafu kampeni zikaja, na mgombea mmoja akasikia habari, akasema atamzika Thembo kwa heshima, ataleta hema, kwaya, na maneno machache. Ninyi ambao mmewahi kufungia maiki wanasiasa mnajua maneno machache yao. Watu wa Mumbere walimpenda mgombea yule kwa kuwa alikataa pombe hadharani. Mzee Kule alikuwa wa upande mwingine, akasema hataki mtoto wa kaka yake awe jukwaa. Mumbere akasema, "Juzi ulitaka awe mgomba, leo hutaki awe jukwaa?" Hilo lilikuwa neno baya, na nadhani alilijua likiwa bado mdomoni. Tangu siku ile hawakusalimiana. Walokole wakaacha kununua kwenye duka la jamaa za Kule, na jamaa za Kule wakahama benchi walilokalia pamoja nao matangani. Watu waliokuwa wakibishana juu ya wafu sasa wakabishana juu ya rangi za fulana, na kila upande ukanitumia ujumbe niwawekee siku ya kufunga spika.

Nilimpelekea Mama Thembo habari ya hema nikidhani itampendeza.

"Mimi nilitaka shimo dogo tu," akasema. "Hema la nini?"

Masika alichoka kungoja makanisa. Asubuhi moja aliingia kwenye kile kichaka na panga, akafyeka, akapanda maharagwe bila kuomba ruhusa. Mama Thembo alimshukuru, akamkaribisha chai, akayatazama yakiota. Yalipokomaa hakuyagusa. Yalikauka kwenye miti yake mpaka maganda yakapasuka yenyewe, na ukipita pale jua kali unasikia mbegu zikiruka, ta, ta. Masika aliacha kumgombeza wakati huo. Ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Mama Thembo alikufa mvua zilizofuata, kwa kifua, mchana, mashamba ya wengine yakiwa yamechanua.

Vijana, nimefunga spika kwenye mazishi mengi, na sijawahi kufunga vizuri kama siku ile. Jua lilikuwapo, upepo haukuwapo, soksi sikuihitaji. Mwalimu Masereka aliongoza ibada. Mumbere alihubiri, hakumrushia mtu jiwe hata moja. Padri alikuja na Wakatoliki wa Mzee Kule, wakaimba pamoja na Waanglikana na walokole wimbo mmoja, kila kanisa kwa mwendo wake, kwa hiyo tulimaliza mara tatu, lakini tulimaliza. Yule mgombea, ambaye sasa alikuwa mheshimiwa, aliongea kwa ufupi mpaka nikakagua kama maiki imekatika. Kamba za kushusha jeneza, upande mmoja alishika Mumbere, upande wa pili Mzee Kule. Mumbere akasema kwenye maiki, "Mama, umekwenda kumwona Thembo," na kilima kizima kikaitika amina. Hakuna aliyeuliza kama jambo hilo limepita kamati. Spika yangu ya pili ilikuwa imetazama Congo. Jina likavuka bonde, nikalisikia likigonga ng'ambo na kurudi.

Mumbere alikuja baadaye kunisaidia kukunja waya. Hajui kukunja, aliufunga fundo. Akauliza, "Fundi, tungefanya nini?" Nikamwambia sijui, na sijui mpaka leo. Mambo ya waya nawafundisha bila kuficha. La namna watu wanaoamini Mungu mmoja wanavyoweza kutokubaliana bila mtu kukauka katikati yao, hilo sikupewa na Papa Kambale, na sikulipata mwenyewe. Najua tu kwamba sikuwahi tena kumpunguzia mtu sauti.

Nilirudi nyumbani jioni ile, naona aibu kusema, nikiwa na furaha kidogo. Masika hakuwa amekaa mpaka mwisho. Alikuwa uani kwake anachagua mawe kwenye maharagwe. Nikasimama kwenye ua, nikamsimulia yote: makanisa yalivyoungana, Kule na Mumbere na kamba, sauti ilivyokuwa safi, mheshimiwa alivyofupisha. Nikamwambia hata mimi sikujua tunaweza kupatana namna ile. Nikamuuliza kama hakuona.

Masika alitupa jiwe, akapepeta ungo, na bila kuinua macho akasema:

"Niliona. Leo mmempa kila kitu kwa sababu leo hakuomba kitu."